Springla za bustani zinakula maji kiasi gani? Uniti 134 kwa mwezi Buswelu, na mita haikukosea

#1 Ngosha wa Buswelu

Wakuu, mwangaluka.

Naleta huu uzi nikiwa nimetulia. Ningeuandika siku bili ilipokuja, mods wangeufuta kwa matusi.

Niko Buswelu, kiwanja cha mteremko kama viwanja vyetu vingi vya Mwanza, mawe juu, mawe chini, nyumba imejibana katikati. Mbele nina ukoka, mita 10 kwa 13. Kiangazi cha mwaka jana tulimwagilia kwa mpira. Kila jioni mtu anasimama nusu saa mbu wanamla, na bado nyasi zilibaki na mabaka ya rangi ya chapati. Mwaka huu mwezi wa sita nikaita fundi akaweka springla: vichwa 12, vile vinavyochomoza ardhini maji yakija na kuzama yakikatika. Zoni tatu za vichwa vinne vinne, na taima ukutani. Maji ni ya bomba moja kwa moja, hayapiti kwenye tangi, maana kwetu usiku presha inapanda vizuri.

Kazi ya mabomba ilikuwa safi, sina ubishi. Fundi akaniambia kila zoni itarusha dakika 15 kuanzia saa 10 alfajiri, na saa 11 kasorobo kazi imekwisha. Saa hizo mimi nimelala. Naamka nakuta ukoka unameremeta, nakunywa chai barazani najiona niko hotelini Capri Point.

Bili ya Julai ikaja. Sisi tumezoea uniti 17, mwezi wa wageni 19. Safari hii uniti 134.

Kwa asiyejua, uniti moja ni lita 1,000. Nikasema mita imeharibika. Nikaenda kuulizia nikiwa nimeshavaa uso wa ugomvi kabisa. Kesho yake akaja kijana wa mita, mtaratibu, akafunga koki zote za ndani na ya bustani, akaniita nichungulie. Kile kipembetatu kidogo chekundu cha kwenye mita kimeganda, hakitikisiki. "Mzee, hakuna kinachovuja." Akafungua koki ya nje, akajaza ndoo ya lita 20, namba ikasogea lita 20. Nikabaki na uso wangu wa ugomvi bila wa kugombana naye.

Nikakaa na kalamu. Karatasi ya zile nozo, vile vitundu vya kichwani vinavyotoa maji, inasema kichwa cha nusu duara, kwa presha ya ba 2, kinatoa kama lita 7 kwa dakika. Kila kichwa dakika 15, ni lita 105. Vichwa 12, lita 1,260 kwa usiku. Mara siku 31, uniti 39. Weka na 17 zetu za ndani, 56. Ningelalamika lakini ningelipa. Sasa hizo 78 nyingine zimeenda wapi?

Jibu alikuwa nalo mlinzi. Hata sikumuuliza. Nampitia getini ananiambia, "Mzee, kwani hayo maji lazima yazunguke mara tatu?" Mara tatu vipi? "Si yanaanza saa kumi. Yanarusha pale, yanahamia pale, yanamaliza pale, halafu yanarudi pale pa kwanza. Adhana imeshapita bado yanarusha. Mimi nilidhani ndiyo mashine ilivyo."

Usiku ule nilikaa barazani na shuka. Saa 10 zoni ya kwanza. Saa 10 na robo ya pili. Saa 10 na nusu ya tatu. Saa 11 kasorobo kimya, nikaanza kumlaumu mlinzi moyoni. Kiboksi ukutani kikalia "ta", zoni ya kwanza ikainuka upya kama haijawahi kufanya kazi maishani. Yalizima saa 12 na robo.

Kumbe fundi aliweka saa tatu za kuanzia: 10:00, 10:15 na 10:30, akiamini kila zoni lazima ipewe saa yake. Taima haifikirii hivyo. Saa ya kuanzia ni ya mzunguko mzima. Ukiipa moja, inapita zoni zote zenyewe kwa zamu. Ukiipa tatu, inapita zote mara tatu, na zikigongana inazipanga foleni. Kwa hiyo ni lita 3,780 kwa usiku, mara 31 ni lita 117,180. Uniti 117 na 17, ndiyo hiyo 134. Mita ilikuwa inasema kweli tupu.

Zile saa mbili za kuanzia zilizozidi nimeshazifuta. Swali langu kwenu ni hili: hata hizo uniti 39 ni halali? Ukoka wa ukubwa huu unataka maji kiasi gani hasa? Wenye springla mnatumia ngapi?

(Jirani yangu wa bondeni, matembele yake kiangazi hiki yamestawi kuliko masika. Mwezi mzima nimekuwa namsifia kwa bidii.)

---

#2 Dumu la Njano

Kiti cha mbele.

Lita 117,180 gawa kwa 20 ni madumu 5,859. Nimepiga hesabu tu, sijasema kitu.

---

#3 Mama Kachumbari

Nimecheka kwa huyo jirani wa matembele mpaka mtoto ameamka. Usimwambie.

---

#4 fundi_nozo

Mkuu, pole, na hongera kwa kukaa na kalamu. Wateja wengi wakiona bili wanang'oa springla zote wanarudi kwenye mpira, na mpira ukiachwa wazi unatoa lita 15 hadi 20 kwa dakika, hauna taima, na anayeushika akipigiwa simu unaendelea. Springla yenyewe hainywi maji. Kinachokula ni dakika ulizoipa mara idadi ya nozo.

Shika kanuni moja, nyingine zote utaziunda mwenyewe: milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ndiyo maana mvua inapimwa kwa milimita. Bustani yako ni mita za mraba 130. Mzunguko mmoja wa lita 1,260 ni kama milimita 9.7. Mara tatu ni 29. Ile ni mvua ya masika ya kufanya bodaboda wajibanze kwenye vibaraza, na wewe umeinyesha kila usiku. Kwa mwezi umefikisha milimita 901. Mwanza mwaka mzima, vuli na masika kwa pamoja, tunapata milimita elfu moja na kidogo. Yaani Julai, mwezi mkavu kuliko yote, pale Buswelu kuna ukuta ambao ndani yake mvua ya karibu mwaka mzima imenyesha ndani ya siku 31.

Sasa mahitaji. Kwa jua na upepo wa huku kwetu, ardhi yenye majani mazuri inapoteza milimita 4 hadi 5 kwa siku. Ukoka ni nyasi ya nchi za joto, ni mvumilivu, unatosheka na kama theluthi mbili ya hapo. Chukua milimita 3 hadi 3 na nusu kwa siku, 20 hadi 25 kwa wiki, na hiyo ni kiangazi kikali. Milimita 25 kwa mita 130 ni lita 3,250 kwa wiki. Kwa mwezi uniti 14. Kwa hiyo hizo 39 unazouliza kama ni halali, bado ni karibu mara tatu ya kinachotakiwa.

Angalia tena namba mbili, 29 na 25: usiku mmoja wa Julai ulikuwa unampa ukoka chakula cha wiki nzima, na zaidi kidogo.

Vichwa vyako ni vya kunyunyiza, vile vinavyotoa maji kama feni, haviondoki mahali. Hivyo ndivyo vinavyomwaga haraka kuliko vyote, karibu milimita 40 kwa saa. Cha duara zima kinatoa lita 14 kwa dakika, cha nusu 7, cha kona 3 na nusu, ili wote walishe sawa. Kuna zile za rota, zinazozunguka na kurusha mkondo mmoja mrefu, hizo ni milimita 10 hadi 15 kwa saa. Watu wakiona rota inachukua muda mrefu wanadhani inakula zaidi. Haili zaidi, inakula taratibu. Kosa linaloniudhi ni fundi kuchanganya rota na feni kwenye zoni moja: ukitosheleza upande wa rota, upande wa feni umegeuka bwawa.

Kabla hujabadilisha chochote, fanya mtihani wa makopo. Tafuta makopo tisa yanayofanana yenye kuta zilizonyooka, ya nyanya au ya maziwa, yatandaze kwenye ukoka kama bao, washa kila zoni dakika 10, halafu pima kina kwa rula ya mtoto wa shule. Utashangaa.

Na acha kumwagilia kila siku. Ukoka ukipewa kidogo kila siku mizizi inakaa juu juu kama mpangaji asiyelipa, siku mbili bila maji unanyauka. Mpe mara mbili kwa wiki, maji ya kushuka, mizizi itayafuata. Kujua kama una kiu, ukanyage jioni: nyayo zikibaki zimelala bila kuinuka, na rangi imeelekea kijivu, hapo mwagilia.

---

#5 Mwana wa Mabatini

Naomba nami niseme bila kugombana na mtu.

Dumu la Njano amepiga hesabu akaogopa kuimalizia. Kwetu tunatumia madumu sita kwa siku, watu watano, kupika, kuoga, kufua kwa zamu. Madumu 5,859 kwetu ni siku 976. Miaka miwili na miezi minane. Mama yangu amepanda yale mawe na ndoo kichwani tangu nasoma shule ya msingi, ziwa analiona lote kuanzia Kirumba mpaka kule visiwani, yaani unasimama na ndoo tupu unatazama maji yasiyo na mwisho.

Sikatai mtu kuwa na bustani. Ila tukisema "kosa la taima" tunapita haraka sana.

---

#6 Ngosha wa Buswelu

Mdogo wangu, nimesoma mara mbili. Nimekulia Igoma, najua ndoo. Ndiyo maana bili ilipokuja kilichoniuma hakikuwa hela peke yake, ingawa na hela iliniuma. Sina la kujitetea kuhusu Julai. Nimekuja hapa ili Septemba isiwe hivyo.

---

#7 Mwambao

Mnajitesa. Ziwa hilo hapo, kilomita za mraba elfu sitini na nane na ushee. Mwenye kiwanja Luchelele au Igombe atie pampu, arushe mpaka achoke, bure.

---

#8 mvuvi mstaafu

Mwambao, bure hakuna.

Kwanza, maji ya ziwa yana mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji, na ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iko hapa hapa Mwanza, huna hata nauli ya kisingizio. Pili, Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba ya pampu ni shughuli ya kudumu.

Hayo tuyaache, nikuambie nilichokiona kwa macho. Nilikuwa naangalia shamba la mtu upande wa Nyegezi, akaweka pampu na springla za maji ya ziwa. Wiki ya kwanza raha. Wiki ya pili nozo moja moja zinaanza kutema pembeni. Unaifungua unakuta ute wa kijani umejaa kwenye chujio, umeshikana kama mlenda, na ndani yake vikonokono vidogo kama punje ya mtama. Msimu maji yakigeuka kijani kule kwenye ghuba ndiyo usiseme, unasafisha asubuhi, mchana zimeziba. Nozo iliyoziba nusu inaacha baka kavu, mwenye bustani anaona baka anaongeza dakika, zile nzima zinafurika.

Na watoto. Watoto wakiona maji yanaruka wanavua nguo wanaingia. Maji ghafi ya ufukweni yanaweza kuwa na vijidudu vya kichocho, vinapita kwenye ngozi, havingoji uyanywe. Maji hayo yakae kwanza kwenye tangi siku mbili bila konokono wapya kuingia, vile vijidudu vinakufa. Ukirusha moja kwa moja kutoka ziwani umewaletea ziwa mlangoni.

---

#9 Mwambao

Nimeelewa mzee wangu. Nimeondoa pampu kichwani.

---

#10 Kijana wa Malimbe

Fundi naomba msaada. Nina tangi la lita 5,000 kwenye mnara wa mita 6. Nikitoa bomba hapo nikaweka vichwa kama vya Ngosha vitafanya kazi bila pampu? Ukoka wangu ni mdogo, mita 8 kwa 8.

---

#11 fundi_nozo

Havitafanya kazi dogo. Mita 10 za kimo zinakupa ba 1. Mita 6 ni ba 0.6, na hapo hujatoa inayopotea njiani kwenye bomba. Vile vichwa vinataka ba 2, rota inataka 3. Kwa 0.6 vinachungulia tu, vinalowesha mguu wake, havifiki hata mita moja.

Kwa ukoka wa mita za mraba 64, milimita 25 kwa wiki ni lita 1,600. Tangi lako linatosha wiki tatu. Tumia mpira na kichwa cha kuchomeka kwenye nyasi kwa pampu ndogo, uwe unahamisha. Au kama una maua na miembe kuliko nyasi, weka mipira ya matone, hiyo inaridhika na presha ya mnara na haipeperushwi na upepo.

Na kinyume chake pia ni tatizo: presha ikizidi, maji yanatoka kama ukungu. Ukiona springla zinapendeza kwenye picha, kuna wingu na upinde wa mvua, jua kwamba hayo maji yanaenda hewani.

---

#12 Babu Luseni

Vijana mmepiga hesabu ya maji vizuri, ila hakuna aliyeuliza udongo. Msukuma hamwagi maji kabla ya kujua anayamwaga juu ya nini.

Juu mlimani na kwenye miteremko ya mawe tuna luseni, mchanga mwepesi uliotokana na hayo mawe yenyewe. Unakunywa haraka na kusahau haraka. Ukishuka unakuta itogolo, gumu chini kama sakafu, maji yanazama kiganja kimoja yanagota. Bondeni kabisa ndiko kuna mbuga, udongo mweusi, kiangazi unapasuka mpaka unapitisha mguu, ukilowa unajifunga na kunata kwenye jembe.

Huyu bwana wa Buswelu nyumba imechimbwa kwenye mteremko. Nina hakika walipojenga walisawazisha kwa kifusi, wakamwaga udongo mweusi juu ili nyasi zishike haraka. Kiganja kimoja cha udongo mzuri, chini kifusi kilichoshindiliwa. Maji ya milimita 40 kwa saa hayawezi kuingia hapo. Dakika tano za mwanzo zinaingia, zilizobaki zinatafuta mteremko. Matembele ya jirani hayakustawi kwa bahati.

Dawa yake ni ya zamani kuliko taima: mpe kidogo, mwache ameze, mpe tena. Dakika chache, pumziko la nusu saa au saa nzima, dakika chache tena. Kisha chukua bisibisi ndefu uichome ardhini. Ikizama mpaka kishikio bila kutumia nguvu, maji yamefika. Ikigota, maji yalipita juu tu.

---

#13 Ngosha wa Buswelu

Wabeja sana babu. Udongo mweusi ulikuja lori mbili, nina picha. Umenionea wapi?

---

#14 Msukuma Ughaibuni

Salamu kutoka Las Vegas, jangwani. Huku springla ni jambo la kawaida kama jiko. Shirika la mazingira la serikali, EPA, linasema karibu theluthi moja ya maji ya majumbani Marekani inatumika nje ya nyumba, na sehemu kame inafika zaidi ya nusu. Tena wanakadiria mpaka nusu ya maji ya kumwagilia inapotea kwa upepo, jua na kufurika. Kwa hiyo Ngosha usijione mjinga wa dunia, umejiunga na chama kikubwa.

Huku Nevada walipitisha sheria 2021: zile nyasi za mapambo tu, za katikati ya barabara na mbele ya maofisi ambazo hakuna mtu anayezikanyaga isipokuwa anayezikata, kuanzia mwanzo wa 2027 haziruhusiwi kumwagiliwa kwa maji ya Mto Colorado. Za nyumbani kwa mtu hawajazigusa, lakini ukizing'oa mwenyewe mamlaka ya maji inakulipa kwa kila futi ya mraba.

Na la mwisho: tundu dogo kwenye bomba la bustani, lisilofika hata milimita moja, EPA wanasema linapoteza galoni 6,300 kwa mwezi. Kwa lugha yetu karibu uniti 24. Kwa hiyo ile zoezi ya kipembetatu chekundu, irudie kila mwezi koki ya bustani ikiwa wazi lakini springla hazirushi, maana kijana wa mita alikufungia hiyo koki.

---

#15 Dumu la Njano

Yaani mtu analipwa kung'oa nyasi. Mimi ng'ombe wangu wangefanya bure.

---

#16 Mama Kachumbari

Kwani mkiacha kumwagilia kabisa Juni mpaka Septemba ukoka unakufa? Wa kwetu Isamilo hatujawahi kuugusa, unakuwa kahawia kama mkeka, mvua ya kwanza ya vuli ikipiga wiki mbili kijani.

---

#17 fundi_nozo

Dada, haufi. Umelala. Ukoka una vijiti vya chini ya ardhi, vinasubiri. Wa pemba ndio haupendi hayo mambo, ule wenye majani mapana, ukiunyima unaachia madoa. Mimi naweka springla ndiyo mkate wangu, lakini mteja akiniuliza kwa dhati namwambia hivyo hivyo: kijani cha Agosti ni anasa, kilipie ukijua.

---

#18 Ngosha wa Buswelu

Wakuu, nimerudi. Mrejesho, maana nachukia nyuzi zinazoachwa njiani.

Makopo nilifanya Jumapili moja, watoto wakawa wasimamizi. Dakika 10 zilipaswa kutoa milimita 6 na nusu. Makopo sita yalikuwa 6 mpaka 7, fundi apewe haki yake. Kopo la kona ya ukuta lilikuwa na 11, maji yalikuwa yanagonga ukuta na kurudi. Makopo mawili karibu na mwembe yalikuwa na 2. Nikachuchumaa pale wakati zoni inarusha, nikaona: kichwa kimoja kimeinama, kinaosha tairi la gari. Miezi miwili nimekuwa nikijisifu kwamba gari langu halina vumbi. Nimekinyoosha kwa mkono na kushindilia udongo pembeni.

Bisibisi ya babu iligota kwenye inchi tatu. Mahali pote.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Jumanne na Ijumaa tu. Kila zoni dakika 10, na saa mbili za kuanzia, saa 10 na saa 11 alfajiri, safari hii kwa makusudi. Mzunguko mmoja unachukua nusu saa, nusu saa nyingine ardhi inameza, kisha wa pili. Lita 1,680 kwa siku ya kumwagilia. Siku moja mwishoni mwa Septemba mawingu yalifunga kutoka ziwani, mlinzi akaenda mwenyewe kwenye kiboksi akazima. Saa 9 usiku mvua ikashuka. Huyo ndiye kipima mvua changu na nimemuongezea kidogo mwisho wa mwezi.

Septemba nimemwagilia mara nane. Uniti 13 na ushee za bustani, zilizobaki za ndani. Bili imekuja uniti 31. Ukoka umepungua rangi kidogo karibu na geti, kwingine uko vile vile. Bisibisi sasa inazama inchi tano.

Mwana wa Mabatini, 31 bado ni nyingi ukilinganisha na ndoo za mama. Najua. Mwakani naacha upande wa geti ulale kama wa Mama Kachumbari, nione.

Sasa la jirani. Jumamosi iliyopita alipanda mpaka getini, ameshika fungu la matembele la kutuletea, kama kawaida yake. Akasalimia, akaulizia watoto, akaulizia kazi. Halafu kwa upole kabisa: "Jirani, kuna bomba lenu limeharibika huku juu? Kule chini maji yamekatika."

---

#19 Mama Kachumbari

NILISEMA USIMWAMBIE.

---

#20 Dumu la Njano

Umemjibu nini mkuu? Usituache hapa.

---

#21 Ngosha wa Buswelu

Nilimkaribisha barazani nikamweleza yote, mpaka saa tatu za kuanzia. Alicheka mpaka akashika nguzo. Tumekubaliana maji ya suuza ya nguo yateremke kwake kwa mpira, kila Jumamosi tunapofua.

Leo ametuma mtoto kuuliza kama tunaweza kufua na Jumatano.